Namna ya kumchora Faru Fausta kwa rangi ya mafuta, na historia yake yote kwenye ubao mmoja

Ukipita Oysterbay, Dar, pale karibu na Morogoro Stores utakuta tembo, twiga, faru, chui, wamechorwa vizuri na rangi zinawaka kweli, ila muulize mchoraji huyu ni faru gani, aliishi wapi, alikufaje, mara nyingi utaambiwa ni faru tu. Sina ugomvi na hilo, watu wanalisha familia kwa hizo picha na zimetangaza nchi kuliko matangazo mengi. Lakini kama unataka kuchora wanyama kwa ajili ya uhifadhi, yani picha imfanye mtu asimame na kuuliza, mi naamini inabidi umchore mnyama aliyeishi kweli, mwenye jina, mwenye mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Na kila kitu utakachoweka kwenye ubao, kuanzia rangi ya udongo mpaka ndege aliyekaa mgongoni, kiwe kimetoka kwenye maisha yake, usiweke kitu kwa sababu tu kinapendeza.

Hapa naelekeza kwa mfano mmoja mwanzo mwisho, Faru Fausta wa Ngorongoro, kwa mtindo wa Tingatinga kwa sababu ndo mtindo ambao vifaa vyake unavipata duka lolote la hardware.

Kwanza kwa wasiojua, mtindo huu umetoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, akaenda kufanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, baadaye akaja Dar, na kwenye mwaka 1968 ndo akaanza kuchora, akitumia ubao wa silingi na rangi za mafuta zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndo zilikuwa zinapatikana. Alichora miaka minne tu hivi, mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa makosa hapo hapo Dar. Wanafunzi wake kina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Casper Tedo, Adeusi Mandu na Simon Mpata ndo walioendeleza. Angalia picha zake za mwanzo utaona mnyama mmoja amejaa ubao mzima, nyuma rangi moja au mbili, basi. Hiyo ndo tunaitaka, sio hizi za sikuhizi ambazo ubao mmoja una wanyama ishirini na mlima Kilimanjaro juu.

Kazi inaanza na daftari, brashi weka pembeni kwanza. Andika kila unachokipata kuhusu mnyama wako, na ukikuta jambo lina utata liache, usilichore. Kwa Fausta kumbukumbu zipo na ziko wazi. Alionekana mara ya kwanza ndani ya kreta ya Ngorongoro mwaka 1965 na mtafiti kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakadiriwa kuwa na miaka mitatu mpaka minne. Aliishi huru humo zaidi ya miaka 50. Mwaka 2016 afya ikaanza kuyumba, fisi walimshambulia mara kadhaa wakamuachia vidonda vibaya, macho nayo yakawa yanafifia, ikabidi hifadhi imuweke kwenye boma maalum ili atunzwe. Akafa tarehe 27 Desemba 2019 kwa uzee, akikadiriwa miaka 57, na mamlaka ya Ngorongoro ikatangaza kwamba inaaminika ndo alikuwa faru mzee kuliko wote duniani. Hakuwahi kuzaa.

Sasa weka hiyo miaka pembeni ya miaka ya nchi na ya dunia, hapo ndo picha inapoanza kuonekana. Alizaliwa kwenye mwaka 1962 hivi, nchi ndo imetoka kupata Uhuru, na Mwalimu Septemba 1961 ameshatoa lile tamko la Arusha kuhusu wanyamapori kwamba kuwalinda ni jukumu letu sisi. Kati ya 1964 na 1966 mtafiti John Goddard akawatambua faru 108 kwenye kreta, mmoja mmoja kwa pembe na masikio yao. Alafu ikaja miaka ya 70 na 80. Afrika nzima mwaka 1970 kulikuwa na faru weusi kama 65,000, kufika katikati ya miaka ya 90 wamebaki chini ya 2,500. Ngorongoro nako wakashuka mpaka chini ya 20. Pembe zilikuwa zinaenda Yemen kutengenezewa mipini ya majambia, kwa sababu pesa za mafuta za Saudi Arabia zilikuwa zinaingia kwa vijana wa Yemen waliokwenda kufanya kazi kule na kila kijana akawa anataka jambia la heshima, na nyingine zikaenda Asia ya Mashariki kwenye dawa za homa, japo pembe ya faru ni keratini tu, kitu kile kile kilichoko kwenye kucha zako. Biashara ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1977 na mauaji yakaendelea miaka na miaka baada ya hapo. Fausta alipita katikati ya hayo yote akiwa hapo hapo kwenye kreta. Wenzake karibu wote waliuawa, yeye akafa kwa uzee. Hiyo ndo picha.

Ukishaandika hivyo, jifunze umbo. Hapa nasisitiza maana makosa ni mengi mno, watu wanatafuta picha ya faru kwenye simu, inakuja ya faru mweupe wa Afrika Kusini, wanaichora na kuandika Ngorongoro. Faru mweusi mdomo wake wa juu umechongoka, umeshuka kidogo mbele unakaribia kama ndoano, anautumia kukamata matawi na majani ya vichaka. Mweupe ana mdomo mpana uliokatwa sawa kwa sababu anakula nyasi chini, na ana nundu kubwa shingoni. Mweusi hana hiyo nundu, mgongo wake umebonyea katikati, kichwa kifupi zaidi na anakibeba juu. Masikio yake ni ya mviringo mafupi yenye manyoya pembezoni. Kila mguu vidole vitatu, vichore vitatu, mtoto wa shule akihesabu apate vitatu. Pembe mbili, ya mbele ndefu, na zinakaa juu ya ngozi ya pua, hazitoki kwenye mfupa, kwa hiyo chini ya pembe weka uvimbe wa ngozi kidogo usiichomeke tu pembe kama msumari.

Rangi yake sasa. Usimpake mweusi. Ngozi ya faru weusi na weupe yote ni kijivu, na unachokiona kwa macho ni rangi ya matope aliyogaagaa. Pale kreta kuna Ziwa Magadi, udongo wake una magadi mengi, kwa hiyo faru wa pale wanaonekana wamepauka, kijivu cheupe cheupe hivi, wakati faru wa sehemu zenye udongo mwekundu wanaonekana wekundu. Mtu anayeijua Ngorongoro akiona rangi tu atajua huyu wa kule.

Kama una uwezo nenda ukawaone wenyewe, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, gharama kubwa ni usafiri kwa hiyo jiungeni kundi mkodi gari moja. Ila jua kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 260 na faru wanakaa mbali na barabara, unaweza kumuona kadoti tu kwa darubini. Sio hasara, tumia huo muda kuchora ukuta wa kreta, ile mita 600 ya kushuka, mstari wake ulivyo, na rangi ya ziwa saa za mchana, na migunga ya msitu wa Lerai yenye magome ya njano. Umbo la faru utalimalizia kwa picha za kupiga na kwa mafuvu na sanamu za makumbusho. Na zungumza na askari wa wanyamapori, hao wanajua tabia ambazo hakuna picha itakuonyesha, faru anasimamaje akinusa upepo, anageuza sikio lipi kwanza.

Vifaa: hadibodi iliyokatwa sentimita 60 kwa 60, fundi seremala atakukatia, msasa laini, andakoti nyeupe (rangi ya kupaka chini kwanza), rangi ya mafuta ya kung'aa kopo ndogo ndogo za nyeupe, nyeusi, bluu, njano, nyekundu na kahawia (kijani, kijivu na zambarau utachanganya mwenyewe), tapentaini, brashi moja pana ya inchi mbili, mbili za kati, na mbili nyembamba kabisa za nywele laini. Hizo nyembamba usibanie pesa, ndo zinabeba kazi yote ya mwisho. Chaki ya shule, rula, matambara ya pamba.

Fanyia kazi sehemu yenye hewa. Rangi za mafuta za madukani, hasa za njano na nyekundu, zimekuwa zikitengenezwa na madini ya risasi, kwa hiyo usinyooshe ncha ya brashi kwa mdomo kama wengi wanavyofanya, usile ukiwa unachora, na ukipiga msasa juu ya rangi ya zamani loweka kwanza ili vumbi lisiruke. Watoto wasichezee makopo. Wachoraji wetu wengi wanachora ndani ya vibanda vya mabati na watoto wapo hapo hapo, hili jambo lazima tulibadilishe wenyewe.

Ubao upige msasa upande ule laini, futa vumbi, paka andakoti, acha mpaka kesho, msasa mwepesi tena, paka ya pili. Na nyuma ya ubao paka mara moja, la sivyo Dar na unyevu wake ubao utajikunja.

Kabla ya rangi gawa ubao, na hapa ndo nataka twende taratibu kidogo. Tuna ile hesabu ya 65,000 kushuka mpaka 2,500. Gawanya, unapata 26. Yani kati ya kila faru 26 alibaki mmoja. Hiyo namba ndo itakuwa ukingo wa picha yetu, faru wadogo 26 kuzunguka ubao, na mmoja tu kati yao ana rangi. Chukua rula, juu na chini gawa visanduku saba saba, kila kimoja kitakuwa na upana wa sentimita 8 na nusu na kidogo. Alafu ubao kwenda chini ugawe visanduku vinane, kila kimoja sentimita 7 na nusu, lakini cha kwanza na cha mwisho ni vile vya pembeni ambavyo ushavihesabu juu na chini, kwa hiyo vipya kila upande ni sita. Saba na saba kumi na nne, sita na sita kumi na mbili, jumla 26. Visanduku vimekuwa vipana kuliko urefu na faru naye ni mpana kuliko urefu, vinamkaa vizuri. Katikati inabaki nafasi ya kama sentimita 43 kwa 45, hiyo ni ya Fausta.

Piga mistari kwa penseli nyepesi. Wachoraji wengi wanaweka ukingo wa maua au vidoto, kuna siku utatamani kuongeza, usiongeze. Faru hao wadogo wachore kivuli tu, umbo moja ulilokata kwenye karatasi ngumu ukalifuatisha mara 26, mweusi au kijivu cha giza juu ya kijivu hafifu, macho hawana. Yule mmoja mpe rangi kamili, jicho, pembe nyeupe. Swali linakuja yule mmoja akae wapi. Usimuweke kona wala katikati ya juu, jicho la mtazamaji linaanzia huko. Muweke upande wa kulia, kisanduku cha tatu au cha nne kutoka juu, mtu amtafute kidogo, maana akishampata kwa kumtafuta hamsahau.

Ukingo uache mpaka mwisho lakini, tuanze mandhari ya katikati. Rangi za mafuta zinakauka juu haraka kwa hiyo changanya zote kabla hujagusa ubao, weka kwenye vifuniko. Juu kabisa anga, nyeupe yenye bluu kidogo sana. Chini yake ukuta wa kreta, mstari mmoja mrefu unaokaribia kunyooka, bluu ukichanganya na nyekundu kidogo na nyeupe upate zambarau iliyofifia. Chini ya ukuta, mstari mwembamba mweupe wa Ziwa Magadi, sentimita moja inatosha. Alafu majani makavu ya Desemba mpaka chini, njano na kahawia, japo ukweli Desemba mvua za vuli zinakuwa zimeshanyesha na kijani kinachomoza kwa hiyo changanya kijani hafifu kwa chini. Paka kwa brashi pana kwa kwenda kulia na kushoto, na pale rangi mbili zinapokutana pitisha brashi kavu kabla hazijashika, ziingiane. Ukichelewa dakika chache itaacha michirizi, ikitokea usihangaike nayo, subiri ikauke kesho upake upya sehemu ile. Hakuna mlima wenye theluji, hakuna jua jekundu la kuzama. Mlima Kilimanjaro hauna shughuli humu.

Siku ya pili mandhari ikiwa imekauka, mchore Fausta kwa chaki. Chaki inafutika kwa tambara kwa hiyo jaribu mpaka uridhike. Mjaze kwenye ile nafasi, mkia unakaribia upande mmoja, pembe inakaribia upande mwingine, ndo utamaduni wa Mzee Tingatinga na ndo unaompa mnyama uzito. Mtazamo wa ubavu. Kumbuka unachora faru wa miaka 57, sio kijana. Mzee mifupa ya nyonga inaonekana, tumbo limeshuka, ngozi ya shingo na ya mabega imelegea ina mikunjo, kichwa kiko chini kidogo kuliko cha faru mwenye nguvu. Wengi wakichora mnyama wa uhifadhi wanataka awe dume lililonona, mi nasema uzee wake ndo habari yenyewe, maana faru kuzeeka kwa kizazi kile ilikuwa nadra, kwa hiyo uonekane.

Jaza umbo lote kwa kijivu cha kati, tambarare bila kivuli, acha ikauke. Alafu kijivu cheupe chenye njano kidogo, huo ndo udongo wa magadi, upige kwa tambara lililokunjwa, miguuni mpaka tumboni na ubavuni, mgongoni usifike. Hapo tayari anaanza kuwa wa Ngorongoro. Baada ya hapo brashi nyembamba na nyeusi iliyolainishwa kwa tapentaini kidogo, piga mikunjo, shingoni mitatu minne, nyuma ya bega mmoja mrefu, juu ya goti, karibu na mkia. Mstari wa mkunjo uanze mnene uishie mwembamba, usiwe sawa mwanzo mwisho. Vidoto vya Tingatinga weka lakini kwa sababu, weka pale ngozi ilipo ngumu, mabegani na mapajani, vidogo kuelekea tumboni. Na vidonda vya fisi usivifiche. Makovu mawili matatu kwenye mapaja ya nyuma, mstari wa waridi uliopauka na weusi kuuzunguka, bila damu. Fisi mwenyewe sioni haja ya kumchora. Yule naye ni mnyama wa kreta, anafanya alichoumbiwa, ukimuweka pale picha inageuka kesi ya fisi wakati waliomaliza faru ni binadamu wenye bunduki.

Jicho sasa, jamani jicho. Kwenye Tingatinga jicho ni duara jeupe lenye doa jeusi katikati, kali, linakutazama. Ukimuwekea Fausta jicho hilo umekosea mnyama, macho yake yalikuwa yameanza kupotea. Fanya hivi, duara dogo, faru macho yake ni madogo kuliko unavyodhani, upana wa sentimita moja basi kwa huu ubao. Badala ya nyeupe changanya nyeupe na bluu tone moja na kijivu, doa la katikati lisiwe jeusi bali kijivu cha giza, na kingo zake zifutike kidogo zisikatwe. Kope ya juu ishuke ifunike theluthi. Alafu kidoto kimoja cheupe kabisa, kidogo kuliko kichwa cha pini, juu kulia. Kile kidoto ukikisahau atakuwa amekufa kwenye picha yako, na tunamchora akiwa hai. Kifanyie mazoezi kwanza kwenye kipande cha ubao pembeni, hata nusu saa.

Mgongoni weka ndege wawili, askari wa kifaru, wale wanaokula kupe. Mwenye mdomo mwekundu wote ana duara la njano kuzunguka jicho, tofauti na yule mwenye mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Chora wa mdomo mwekundu, rangi ya mwili kahawia ya kijivu, tumbo la krimu. Urefu wake ni sentimita 20 hivi kwa kweli, kwa hiyo kwenye ubao wako kama Fausta ana sentimita 38, ndege ni sentimita mbili na nusu basi, usimfanye kunguru. Anapaza sauti akiona mtu, na faru asiyeona vizuri anamtegemea kwa hilo, ndo maana yuko humu.

Watu je? Hili watu wanalikimbia. Kreta sio sehemu ambayo haikuwahi kuwa na binadamu. Wamaasai walichunga ng'ombe humo, wengine waliingia Ngorongoro baada ya kuondolewa Serengeti, na hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa 1959 ilianzishwa kwa makubaliano kwamba watu na wanyama waishi pamoja, alafu katikati ya miaka ya 1970 wakatolewa wale waliokuwa wakiishi ndani ya kreta. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwepo Wajerumani, ndugu wawili Siedentopf, walioweka shamba humo chini. Ukichora Ngorongoro kama bustani isiyo na historia ya watu unakuwa umedanganya nusu. Kwangu inatosha kuweka njia ya ng'ombe, mstari mwembamba wa udongo unaoshuka ukutani mpaka magadi, maana wafugaji walipeleka mifugo kwenye chumvi. Usichore Mmaasai anaruka kwa ajili ya watalii. Kama unataka kuchora mtu, mchore askari wa boma la Fausta amebeba ndoo au majani, maana miaka mitatu ya mwisho aliishi kwa mikono ya watu, na hao hawajachorwa na yeyote.

Ukingo malizia sasa, faru 26 kwa karatasi yako ngumu. Rangi ikikauka, mipaka ya visanduku ipitishie mstari mwembamba mweusi. Picha nzima iache siku kadhaa kabla ya kuifunga, rangi ya mafuta juu inaonekana kavu wakati ndani bado mbichi, ukifunga na gazeti herufi zitabaki kwenye anga lako. Kama umechora kwenye kitambaa badala ya ubao ili mgeni aweze kukunja, kunja upande wa picha ukiwa nje, kwenye bomba pana, rangi hii ikikunjwa kwa ndani inapasuka.

Saini yako chini kulia, ndogo. Nyuma ya ubao bandika karatasi iliyochapwa au uandike kwa mkono wazi: Fausta, faru mweusi, Ngorongoro, alionekana mara ya kwanza 1965, alikufa 27 Desemba 2019, na mistari miwili kuhusu zile 26 za ukingoni. Hapo mnunuzi anaenda na habari yake nyumbani. Piga picha kazi kabla haijaondoka mikononi mwako, mwangaza wa asubuhi kivulini, hifadhi faili kubwa, na nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usajili kazi yako, maana kunakiliwa kwenye mtindo huu ni kama hewa.

Kuhusu pesa kwenda kwenye uhifadhi, yupo mfano wa kuiga, Mwingereza David Shepherd. Alikuja Kenya mwaka 1949 akitaka kazi ya kuwa askari wa wanyamapori, akakataliwa, akaishia kuchora. Baadaye huku Tanzania akakuta pundamilia 255 wamekufa kwenye dimbwi la maji lililotiwa sumu, na kuanzia hapo kazi yake ikabadilika mwelekeo. Mwaka 1973 alichora chui milia, akatoa nakala za kuchapwa, zikaingiza pauni 127,000 kwa ajili ya kuwalinda chui milia India, na mwaka 1984 akaanzisha taasisi yake iliyoendelea hata baada ya yeye kufa 2017. Alichofanya ni kutumia picha moja kutoa nakala nyingi. Hata wewe, picha halisi uza kwa ajili ya maisha yako, nakala za kuchapwa zilizohesabiwa na kusainiwa tenga sehemu yake, na uandike wazi kwenye nakala ni asilimia ngapi na inakwenda wapi, na risiti uweke. Ukishindwa kuonyesha risiti usiseme ni ya uhifadhi.

Ukimaliza Fausta wapo wengine wa kufanyia hivi hivi. Tembo Ahmed wa Marsabit, Rais Kenyatta alitoa amri alindwe mwaka 1970, akafa mwenyewe 1974, pembe kama kilo 67 kila moja, sanamu yake ipo makumbusho ya Nairobi kwa hiyo unaweza kukaa chini yake na daftari na kuchukua vipimo. Huyo fanya ubao uwe mrefu, pembe zinakaribia kugusa majani. Tembo Satao wa Tsavo aliuawa na majangili Mei 2014. Na faru aliyeitwa Sudan wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, faru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho, alikufa 19 Machi 2018, kwake mdomo ndo uwe mpana, nundu iwepo, na ukingo uwe na wawili tu, Najin binti yake na Fatu mjukuu wake, wote wawili kwa rangi kamili.